Condorcet na mayai 12: je, mtu wa vitabu aingie siasa?

Swali la msomaji:

"Shikamoo mwalimu. Mimi nafundisha uraia na historia sekondari, huu mwaka wa tisa. Wazee wa kata wamenifuata mara mbili wanataka nigombee udiwani, roho inataka ila naogopa. Juzi ofisini nikamtaja Condorcet, nikasema mbona yule mwanafalsafa Mfaransa aliingia siasa, mwenzangu akacheka sana, akasema huyo huyo ndo mfano mbaya. Eti alikuwa anatafutwa, akaingia mgahawani akaagiza mayai ya kukaanga, kuulizwa mangapi akasema 12, hapohapo wakajua huyu hajawahi kuingia jikoni, wakamkamata akafia korokoroni. Akamalizia wasomi hawajui hata bei ya nyanya. Halafu nimesoma sehemu moja kwamba alipiga kura mfalme auawe, sehemu nyingine kwamba alikataa. Na ile hesabu yake ya kura sijawahi kuielewa. Ukweli ni upi? Mtu wa vitabu aingie siasa au abaki na chaki yake?"

Marahaba mwalimu mwenzangu. Naona maswali manne hapo ila linalokunyima usingizi ni moja, la mwisho, hayo mengine yamekuja kwa sababu kicheko cha ofisini kilikuuma. Niliifundisha historia ya fikra za siasa miaka mingi na huyu bwana nampenda kwa dhati, kwahiyo nitakujibu kirefu, vumilia.

Tuanze na mayai maana ndo yaliyokunyamazisha. Ni Machi 1794, Paris, miezi ile ya Mapinduzi ya Ufaransa ambayo gilotini, mashine ya kukata vichwa, inafanya kazi karibu kila siku. Condorcet ana miaka 50, amejificha kwenye nyumba ya mama mmoja mjane zaidi ya miezi minane, na tarehe 25 anatoka kwa miguu kwa sababu anahofia akikutwa humo yule mama atauawa pamoja naye. Anatembea hadi Fontenay-aux-Roses kwa marafiki zake wa siku nyingi, hawampi pa kulala. Siku mbili baadae anaingia kwenye nyumba ya wageni kijiji cha Clamart, njaa imembana, amechoka kabisa, mfukoni ana kitabu cha mashairi ya Kilatini na hana karatasi za kujitambulisha. Anasema anaitwa Pierre Simon. Mwaka ule mgeni asiye na karatasi alikuwa anakamatwa hata angeagiza maji matupu! Hilo la mayai kila msimuliaji ana idadi yake na maneno yake, limekolezwa na watu waliokuja baadae. Wakampeleka Bourg-la-Reine wakamfungia, tarehe 29 akakutwa amekufa. Wengine wanasema alikunywa sumu aliyokuwa anatembea nayo, wengine wanasema mwili ulichoka tu, na ubishi huo haujaisha hadi leo. Kwahiyo mwambie mwenzako mtu alikufa kwa kukosa karatasi na kwa kukosa rafiki wa kumfungulia mlango, sio kwa kutojua kupika.

Sasa hilo la bei ya nyanya ndo nataka nikae nalo, maana ndo kosa wanalolifanya wengi, wanadhani jamaa alitoka maktaba moja kwa moja hadi bungeni. Hapana. Alizaliwa 1743 Ribemont, kaskazini mwa Ufaransa, baba yake mwanajeshi akafa yeye akiwa na wiki chache tu, akasomeshwa na mapadri wa Kijesuiti halafu Paris, akawa mwanahisabati wa kuheshimika kweli, 1769 akaingia Akademia ya Sayansi. Hadi hapo sawa, mtu wa vitabu. Ila 1774 rafiki yake Turgot akapewa uwaziri wa fedha, na 1775 Condorcet akawekwa kuwa mkaguzi mkuu wa kiwanda cha kupiga sarafu cha serikali. Mwaka huohuo kukawa na ghasia kubwa za unga na mkate kwa sababu Turgot alikuwa ameachia biashara ya nafaka huru na mavuno yalikuwa mabaya, bei zikaruka, watu wakavamia masoko na viwanda vya kusaga. Condorcet alikuwa katikati ya mjadala ule, akiandika kumtetea Turgot. Unaweza kusema alisimama upande usio sahihi, na kuna wanaosema hivyo, ila huwezi kusema hakujua bei ya mkate, bei ya mkate ndo aliyokuwa anaiandikia. Turgot akaangushwa 1776, na Condorcet akajifunza mapema kabisa kwamba hoja nzuri peke yake haimlindi waziri.

Na hii lazima uijue wewe hasa. 1789 mfalme alipoitisha lile baraza kubwa la nchi, Condorcet alitaka kuchaguliwa na HAKUCHAGULIWA. Mtu maarufu vile, mwanachama wa akademia mbili, akaachwa. Alichofanya ni kuingia baraza la jiji la Paris Septemba mwaka huohuo. Yaani kwa lugha yetu alianzia udiwani. Ubunge aliupata 1791.

Haya tuje kwenye hesabu ya kura, maana bila hiyo humuelewi huyu mtu hata kidogo. Aliichapisha 1785, kitabu kizito, wengi waliomsifia hawakukimaliza. Kina mambo mawili makubwa. La kwanza tulifanye na kikundi cha akina mama watatu wana hela ya kununua kitu kimoja cha kukodisha kwenye shughuli. Mama wa kwanza anapenda maturubai, yakikosekana viti, mwisho masufuria. Wa pili anapenda viti, halafu masufuria, mwisho maturubai. Wa tatu masufuria, halafu maturubai, mwisho viti. Sasa pigisha kura mbilimbili. Maturubai na viti, maturubai yanashinda kwa kura 2 (wa kwanza na wa tatu). Viti na masufuria, viti vinashinda kwa 2. Basi ungetegemea maturubai yayashinde masufuria pia, si ndio? Pigisha uone, masufuria yanashinda kwa 2! Inazunguka tu haina mwisho, na hapo hakuna aliyeiba kura wala aliyechanganyikiwa, kila mama anajua anachotaka, ila kikundi kama kikundi hakina anachotaka.

Sasa angalia hatari yake. Mwenyekiti akianza na maturubai dhidi ya viti halafu mshindi akutane na masufuria, mnanunua masufuria. Akianza na viti dhidi ya masufuria halafu mshindi akutane na maturubai, mnanunua maturubai. Anayepanga nani akutane na nani kwanza ndo anayeamua, wenzake wote wakirudi nyumbani wakijua wamepiga kura. Ukiingia kwenye baraza la madiwani hii itakusaidia kuliko hotuba yoyote, ukiona ajenda zinapangwa upya dakika ya mwisho, uliza kwanini.

La pili ndo lililomuingiza siasa, kwa maoni yangu. Chukua watu watatu wanaamua jambo lenye jibu sahihi na jibu la makosa, tuseme mtuhumiwa ana hatia au hana. Kila mmoja peke yake anapatia mara 60 kati ya 100 na kila mtu anafikiri kwa kichwa chake. Wakifuata wengi wape, pamoja wanapatia karibu mara 65. Ongeza watu, inazidi kupanda, ukiwa na umati mkubwa unakaribia kutokosea kabisa. Tamu eh? Ila geuza. Kila mmoja akiwa anapatia mara 40 tu, watatu kwa pamoja wanapatia mara 35, na ukiongeza watu mnazidi kuharibikiwa. Wengi wanaojua kidogo kuliko kubahatisha ni hatari kuliko mmoja. Wengine wangeishia hapo waseme basi wananchi wasipige kura. Yeye akasema basi wananchi wasome, wote, na pia wafikiri kila mtu kwa kichwa chake, maana wakifuata mkumbo wa kiongozi mmoja hesabu inarudi kuwa ya mtu mmoja.

Ndo maana kazi yake kubwa bungeni ilikuwa shule. Tarehe 20 Aprili 1792 alisimama kusoma mpango wa elimu ya taifa, elimu bure, wasichana na wavulana, watu wazima nao waendelee kujifunza, na walimu wasiwe midomo ya serikali iliyopo madarakani. Hakumaliza kusoma siku hiyo. Alikatishwa kwa sababu siku hiyohiyo bunge lilikuwa linatangaza vita na Austria, akamalizia kesho yake. Hela ikaenda kwenye bunduki, na Wafaransa walisubiri hadi miaka ya 1881 na 1882 ndo sheria za shule ya msingi ya bure na ya lazima zikapita. Huwa nikifika hapa naumia, na naumia zaidi kwa sababu yeye mwenyewe alikuwa upande wa waliotaka vita ile. Hilo ni kosa lake na sitalifunika.

Kuna jambo jingine linatuhusu huku kwetu kabisa. 1776, mwaka alioteuliwa kuwa katibu wa kudumu wa Akademia ya Sayansi, mfanyabiashara Mfaransa aitwaye Morice alisaini mkataba na sultani wa Kilwa, apewe watumwa 1,000 kila mwaka kwa piasta 20 (sarafu za fedha) kwa kichwa, wapelekwe Île de France, yaani Mauritius ya leo, na Bourbon, ambayo ndo Réunion. Watu wa bara la kwetu, waliotembezwa hadi Kilwa. Miaka mitano baadae, 1781, Condorcet akachapisha kijitabu kwa jina la bandia la mchungaji Schwartz, kinaanza kwa kuwahutubia watumwa wenyewe kuwa ni ndugu zake, kinasema utumwa ni uhalifu, sio biashara yenye kasoro, uhalifu, na kwamba hasara ya mwenye shamba sio hoja kwa sababu mwizi hadai fidia. Nakiri mpango wake wa kuumaliza ulikuwa wa polepole mno, miongo kadhaa, mtu aliye kwenye mnyororo hana miongo kadhaa ya kusubiri. Ila mwaka 1781 waliothubutu kusema hata hayo walikuwa wachache. 1790 akaandika tena kwamba wanawake wapewe haki kamili ya uraia, wanawake wa Ufaransa wakaipata kura 1944. Hesabu mwenyewe hiyo miaka.

Mfalme je? Sehemu zote mbili ulizosoma zina nusu ya ukweli. Baada ya mfalme kujaribu kutoroka Juni 1791, Condorcet alikuwa kati ya wa kwanza kusema hadharani Ufaransa iwe jamhuri, akapoteza marafiki zake wa kimwinyi karibu wote. Januari 1793 mfalme anahukumiwa, na wabunge waliulizwa maswali kadhaa, sio moja. Kwenye swali la hatia Condorcet alisema ana hatia. Kwenye swali la adhabu alisema apewe adhabu kali kuliko zote isiyokuwa kifo, kwa sababu alikuwa anapinga adhabu ya kifo, na hilo nalo linatoka kwenye hesabu ileile: mahakama ikiwa inaweza kukosea hata mara moja, basi usitoe adhabu usiyoweza kuirudisha. Mfalme akakatwa kichwa tarehe 21.

Kilichomponza yeye ni katiba. Alikuwa kichwa cha kamati ya watu tisa iliyoandika rasimu, akaiwasilisha Februari 1793, ndefu, yenye ngazi nyingi za kupiga kura, na mimi nilipokuwa naifundisha nilikuwa nahitaji ubao mzima na wanafunzi bado wanapotea. Makundi mawili yalikuwa yanakabana koo, la Gironde na la Mlima (hawa ndo wenye siasa kali zaidi), na rasimu ikaonekana ni ya Gironde. Mwanzoni mwa Juni Gironde wakafukuzwa bungeni kwa nguvu ya mitaa yenye silaha, na Mlima wakaandika katiba yao kwa siku chache, ikapitishwa Juni 24. Condorcet angeweza kunyamaza. Jina lake halikuwa kwenye orodha ya waliofukuzwa. Akaandika kijitabu kuwaambia wananchi hii katiba ina kasoro hizi na hizi, na wabunge wenu wameipitisha wakiwa hawako huru. Tarehe 8 Julai ikatoka hati ya kumkamata.

Yule mjane aliyemficha anaitwa Madame Vernet, mtaa ambao leo ni rue Servandoni. Inasimuliwa kwamba Condorcet alipomwambia mimi sasa sina ulinzi wa sheria, niache niende, akamjibu kuwa bunge linaweza kumtoa mtu kwenye sheria ila halina uwezo wa kumtoa kwenye ubinadamu. Humohumo ndani alikuwa anaishi mbunge mmoja wa bunge lilelile, akamjua, akafunga mdomo. Mke wake, Sophie de Grouchy, mwanamke msomi aliyekuja kumtafsiri Adam Smith, mwanafalsafa na mwanauchumi wa Uskoti, kwa Kifaransa, alikuwa anavaa kama mwanamke wa shamba anatembea kutoka Auteuil, nje ya Paris ya wakati ule, kuja kumuona, anachora picha za watu apate hela ya chakula, na wakakubaliana aombe talaka ili mtoto wao wa kike asinyang'anywe kila kitu. Na humo chumbani, bila maktaba yake, huku wenzake wanauawa, akaandika kitabu kuhusu maendeleo ya akili ya binadamu, chenye matumaini hadi unashangaa. Tarehe 4 Februari 1794, akiwa bado kajificha, bunge lililomtafuta likafuta utumwa kwenye makoloni ya Ufaransa. (Île de France wakagoma kuitekeleza, wajumbe waliotumwa 1796 wakafukuzwa kisiwani, na Napoleon akaurudisha utumwa 1802, kwahiyo waliotoka Kilwa hawakuonja.) Mwaka mmoja baada ya kifo chake bunge hilohilo likanunua nakala 3,000 za kitabu kile kuzigawa. 1989 wakampa heshima ya Panthéon, jengo la Paris wanamowekwa watu wakubwa wa taifa, jeneza halina kitu ndani, mwili ulishapotea zamani.

Sasa swali lako. Ukiniuliza kilichomuangusha Condorcet siasani, nitakwambia usomi haumo. Kwanza hakuwa msemaji, sauti ndogo, akisoma hotuba bungeni watu hawamsikii, maandishi yake yalikuwa moto ila mdomo wake hapana. Pili hakuwa na kundi, marafiki zake walikuwa Gironde ila hakuwa mtu wao hasa, kwahiyo mambo yalipochacha Gironde hawakuwa na uwezo wa kumlinda na Mlima hawakuwa na sababu. Tatu aliandika vitu kwa ajili ya watu wenye muda wa kusoma. Na hakukubali kuita kitu kibovu kizuri. Hayo matatu ya kwanza yanarekebishika. Hilo la nne, ungelirekebisha ungebaki nani?

Wewe una miaka tisa mbele ya vijana wa kidato cha tatu mchana wa joto, kama wanakusikia basi sauti unayo tayari, hapo umemzidi Condorcet. Kundi ndo sijui, na wazee kukufuata mara mbili sio kundi. Kugombea kuna gharama zake, muda, hela, maneno ya watu, na ukishindwa utarudi ofisini kwa yuleyule aliyecheka. Kubaki na chaki nako ni kazi ya Condorcet, pengine ndo iliyokuwa kubwa zaidi, usiione kama kushindwa. Kuna njia ya katikati pia, kamati ya shule, baraza la kata kama mjumbe, bodi ya maji, uone kama mwili wako unavumilia vikao vya masaa sita mfululizo vinavyoisha bila uamuzi.

Ila kuna vitu mimi kwa maandishi siwezi kukusaidia na usinitegemee. Wewe ni mwajiriwa, kwahiyo kabla hujamwambia mzee yeyote ndio, nenda mwenyewe kwa afisa utumishi wa halmashauri ukamuulize mwalimu anayegombea ajira yake inakuwaje, likizo, mshahara, kurudi kazini ukishindwa, na uombe akuonyeshe waraka wenyewe, usichukue maneno ya kantini. Halafu mtafute diwani mstaafu, ikiwezekana aliyewahi kushindwa, ukae nae jioni nzima. Na nyumbani ongeeni kwanza, Sophie alikubali ya kwake kwa hiari na macho yamefunguka, wako naye anastahili kuulizwa kabla na sio baada ya fomu. Kama kuna mtu ameshaanza kukutisha kwa sababu tu jina lako limetajwa, hilo usilibebe peke yako wala usingoje jibu langu, mwambie mkuu wako wa shule na nenda polisi.

Ukishaonana na afisa utumishi niandikie tena, unieleze na hilo la kundi, ni akina nani hasa walio nyuma ya hao wazee na wanataka nini kwako.